Meza Iliyokataa Kuzeeka

Inspekta Koleo hakuwa na sababu ya kurudi karakana. Kwa hesabu za bosi wake kesi ilikuwa imekwisha: marehemu yuko mochwari, muuaji yuko mahabusu, na maelezo ya kukiri kosa yameshaandikwa na kutiwa sahihi. Kesho asubuhi kijana angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kumuua baba yake mzazi. Akishakiri pale, basi, hakuna tena wa kumtoa. Bosi alikuwa ameshaanza kuzungumzia likizo yake.

Lakini Koleo hakupewa jina hilo bure. Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani inayomshuka puani kila mara, na akishika jambo haachii. Wenzake walimbatiza hivyo kwa kumsifu, siku za mwanzo. Siku hizi walilitaja huku wakiguna.

"Afande, hapa tunatafuta nini?" koplo aliuliza walipokuwa wakishuka kwenye gari.

"Ningekuwa najua ningekutuma peke yako."

Aliyewafungulia mlango ni mjane wa marehemu, mwanamke mwembamba ambaye mafundi wote wa samani walimwita Mama Rangi. Mumewe alitengeneza, yeye akapaka. Ndivyo walivyoishi miaka yote ya ndoa yao. Kucha zake zilikuwa na ukahawia usiotoka kwa sabuni. Hakuuliza wamefuata nini. Aliuliza jambo moja tu.

"Mwanangu amekula?"

"Amekula kidogo," Koleo alisema. Ulikuwa uongo. Kijana hakuwa ametia kitu mdomoni tangu akamatwe, na Koleo hakuona faida ya kumwongezea mama huyu mzigo.

Wakaingia. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha makubwa upande mmoja, na jua lilikuwa likimiminika ndani bila hodi. Msumeno wa umeme katikati, meza za kazi ukutani, klampu za chuma za kubania mbao zimening'inizwa kwa mstari, ndogo hadi kubwa. Kila kitu mahali pake. Marehemu, aliyejulikana kwa jina la Mzee Randa, alikuwa mtu wa kumtoa mfanyakazi mbio kwa sababu ya patasi iliyolazwa vibaya.

Alikutwa amekufa kwenye stoo ya nyuma, chini ya rundo la mbao lililoporomoka. Mwanzoni kila mtu alisema ajali. Daktari akawaharibia: jeraha la kisogoni lilikuwa jembamba na la kina, la chuma, si la mbao, na damu iliyokutwa pale stoo isingejaza kisosi. Mzee aliuawa kwingine, akahamishwa. Wataalamu wakapekua karakana nzima wasipate kitu sakafuni. Walichopata ni tone moja lililokauka upande wa chini wa ubao wa meza kubwa, na jingine kwenye kiungo cha mguu wa meza hiyo hiyo. Juu ya meza, safi kabisa. Majirani nao wakasema jioni ile walisikia baba na mwana wakigombana kwa sauti ya kutisha. Kijana alipofuatwa, hakuulizwa mara mbili. "Ni mimi," alisema, akanyoosha mikono afungwe.

Daktari aliongeza jambo ambalo wengine walilipita. Kwenye nywele za marehemu kulikuwa na vumbi jekundu la mbao, tena limetulia juu ya damu iliyokwisha kauka. Koleo alilisoma hilo mara kadhaa, na kila mara lilimkera upya.

Meza kubwa ilikuwa imefunikwa kitambaa cheusi kizito. Koleo akashika pembe akakifunua.

"Aisee," koplo alisema.

Ilikuwa nyekundu kiasi cha kumfanya mtu asite kuigusa. Mbao yenyewe ilitoka ng'ambo, mti mgumu ambao mafundi waliupa jina la "kaa", kwa kuwa ukipasuliwa unawaka kama kaa la moto. Kati ya ubao na ubao palipitishwa vipande vyembamba vya mti mweupe, na mstari kati ya wekundu na weupe ulikuwa umenyooka mithili ya uliochorwa kwa kalamu. Vanishi ya juu haikuwa na hata alama ya brashi.

"Nzuri," koplo alisema.

"Nzuri mno. Hilo ndilo linaloniuma kichwa." Koleo alikuwa ameinama kwenye kona ya dirishani, anachambua vipande vya mabaki. Akachukua kimoja, cha rangi ya kiatu kilichochoka. "Hii ni mbao gani?"

"Sijui. Mninga?"

Koleo akatoa kisu akakikwangua. Chini ya ule ukahawia ukatokea wekundu ule ule wa mezani. Akamwonyesha koplo. Mbao ilikuwa ikizeeka yenyewe, kwa jua na kwa hewa, na mabaki yale yalikuwa yamekaa muda ule ule na meza kwenye chumba kimoja, mbele ya madirisha yale yale. Lakini meza haikuzeeka.

"Chukua randa," akamwambia koplo. "Okota kipande kingine kama hiki, ukirande mpaka kiwe kama meza."

"Mimi, afande?"

"Kwani nimemwita nani?"

Koplo alihangaika, akajikwaruza, akatukana kimoyomoyo, mwishowe kikatoka chekundu. Koleo akavitia vipande viwili kila kimoja kwenye mfuko wake wa plastiki wa vielelezo, kimoja chekundu na kimoja cha kahawia, akaifunga. Alipovigeuza aliona chini ya kila kimoja alama moja ndogo ya patasi. Akaokota mabaki ya mbao nyingine, ya kahawia ya asili. Yale yalikuwa na alama mbili.

"Vipimo?" koplo aliuliza.

"Labda."

Nyuma yao Mama Rangi alikuwa amesimama kimya muda wote huo, mikono ameikunja kifuani. Macho yake hayakuwa kwao. Yalikuwa kwenye meza, na kwenye pande la jua lililokuwa likitambaa kuielekea.

"Dada," alisema kwa upole, "mkimaliza kuiangalia, mnifunikie. Hilo jua."

Mume hajazikwa, mtoto yuko ndani, na mama huyu anahofia rangi ya meza. Koplo alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Koleo alikirudisha kitambaa taratibu, akakiweka sawa pembe zote.

*

Mdogo wa marehemu alikuwa na duka la samani barabara ya pili. Alikuwa muuzaji, si fundi, na kwa muda mrefu alitaka kiwanja cha karakana kiuzwe. Koleo alikuwa amemkazia macho tangu mwanzo, hasa baada ya dobi wa mtaa kuleta polisi shati lake lililolowa wekundu. Alilitoa shati hilo kwenye mfuko na kulitandaza juu ya kochi jipya, mwenye duka akaruka.

"Kochi la watu hilo!"

"Shati ni lako?"

"Ni langu. Kwa hiyo dobi ndiye aliyenichoma. Na nguo zangu zote ninampelekea yeye!"

"Anasema hajawahi kuona damu inayokataa kutoka namna hii."

"Damu gani? Hiyo ni mbao!" Alilishika shati kwa hasira akamwonyesha mkono. "Mchana wa siku ile nilikwenda kumwona kaka. Nikaegemea ile mbao yake nyekundu aliyokuwa anaipasua, vumbi likanishika hapa kwenye mkono, hapa tu. Mke wangu akaona ajitie ujuzi, akalimwagia thina, ile ya kuyeyushia rangi. Unaona sasa? Wekundu umekimbia shati zima. Limekuwa kama mtoto mwenye surua."

Koplo aligeuka akacheka ukutani. Koleo hakucheka, kwa sababu maabara walikuwa wameshamwambia kwamba lile shati halina hata chembe ya damu. Tena jioni ya mauaji mwanamume huyu alikuwa barabarani na lori la viti, na vizuizi viwili vya polisi vilimsimamisha. Mlango huo ulikuwa umeshafungwa. Alichokuja kutafuta kilikuwa kingine.

"Mchana ule ile meza kubwa ilikuwaje?"

"Ilikuwa mbaya. Imekaa dirishani muda mrefu bila kupakwa, imeshaanza kuwa kahawia. Nikamwambia kaka, mteja wako alitaka nyekundu, akiikuta hivi ataitema. Akanifokea. Akasema itapigwa msasa upya ikifika zamu yake, niache kumfundisha kazi."

"Una hakika ilikuwa kahawia?"

"Mama, mimi nauza samani. Naweza nisijue kuitengeneza, lakini rangi naijua."

"Ungepewa wewe uipige msasa, ungeifuta vumbi kwa nini?"

Muuzaji alimtazama kama aliyeulizwa kama atameza moto. "Mimi? Nisingeigusa. Ile ina vipande vyeupe katikati. Ukipitisha kitambaa chenye thina hapo, wekundu unaingia kwenye weupe, na ukishaingia umeingia. Inabaki kuni. Si umeona shati?"

Koleo alikunja shati akalirudisha mfukoni. Ile mistari myeupe ilikuwa mbele ya macho yake, myeupe pee, haina hata uwaridi wa kusingiziwa.

*

Kijana aliletwa chumba cha mahojiano akiwa ameshika suruali yake kwa mkono, mkanda wamemnyang'anya. Alikuwa mrefu, mpole wa sura, na kidole gumba cha kulia kimefungwa kitambaa kichafu. Koleo alimsogezea chai. Hakuigusa.

"Nieleze tena."

"Nimeshaeleza."

"Mimi ni mzee, nasahau."

Kijana akavuta pumzi. "Tuligombana. Nikampiga na klampu kisogoni, akaanguka. Nikampakia kwenye toroli la mbao, nikampeleka stoo, nikamwangushia lile rundo. Kisha nikarudi kusafisha meza."

"Ulimtoa kwanza, ndipo ukasafisha."

"Ndiyo."

"Ulisafishaje?"

"Nilipiga msasa pale penye damu. Nikafuta vumbi kwa kitambaa cha thina, nikapaka vanishi."

"Pale penye damu tu?"

"Kwingine kulikuwa kusafi. Ningepiga kwa nini?"

Koleo aliandika, ingawa hakukuwa na haja. Kila jibu lilikuwa likimtoa kijana huyu kwenye kesi hatua kwa hatua, na mwenyewe hana habari. Akaiweka ile mifuko miwili ya plastiki mezani.

"Kimoja kati ya hivi kimerandwa leo. Kipi?"

Kijana akanyoosha mkono afungue.

"Usifungue. Tazama tu."

"Mbao haijulikani bila kushikwa."

"Mimi nimeijua. Na koplo ameijua, na huyo hajui hata msumari unaingilia upande gani."

Kijana alivitazama. Alivigeuza, akavisogeza kwenye taa, akaukaribisha mmoja puani akakuta plastiki. Kijasho kilianza kumtoka juu ya mdomo. Hatimaye akagusa mfuko mmoja kwa kidole.

"Hiki."

Alikuwa amegusa cha kahawia. Koplo, mlangoni, alikohoa. Koleo alimtupia jicho, akatulia.

"Sweta la koplo ni la rangi gani?"

"Afande, haya yanahusu nini?"

"Rangi gani?"

"Kahawia." Sweta lilikuwa kijani.

Koleo akavigeuza vile vipande, alama zikaonekana. "Alama moja kwa nyekundu, mbili kwa kahawia. Nilidhani ni vipimo. Kumbe kuna mtu alikuwa anakukatia, ili ukienda stoo ulete mbao sahihi. Hukuwahi kuona rangi, sivyo?"

"Tangu nizaliwe," kijana alisema kwa sauti ndogo.

"Baba yako alijua?"

Kijana akatazama kidole chake. "Alijua siku ile."

"Hicho kidole kimekatwa na nini?"

"Patasi."

"Patasi haitafuni. Daktari aliyekikagua anasema pana alama za meno ya msumeno."

Koleo aliondoa miwani akaifuta, kwa sababu alichotaka kusema hakupenda kukisema huku akimwona vizuri. "Ile meza ilipigwa msasa yote, kona hadi kona. Aliyefanya hivyo aliona kwamba akisugua pahala pamoja, patawaka peke yake, na kila atakayeingia atauliza. Wewe usingeliona hilo. Na ungefuta kwa thina ulivyosema, ile mistari myeupe ingekuwa imeharibika. Tena baba yako ana vumbi jekundu juu ya damu kavu. Msasa ulipigwa yeye akiwa bado amelala pale pale."

"Niandike mimi," kijana alisema haraka. "Nimeshakubali, nimeshatia sahihi, mnataka nini tena? Nakuomba, mama. Nakuomba kwa jina la Mungu. Achana na hiyo meza."

Koleo amesikia watu wengi wakilia kwenye chumba kile. Wengi hulilia nafsi zao. Alisimama, akamsogezea tena kile kikombe cha chai, akatoka.

*

Chumba cha kupakia rangi kilikuwa nyuma ya karakana, kidogo, kisicho na dirisha upande wa jua. Makopo yalikuwa yamepangwa, brashi zimeoshwa na kulazwa kifudifudi juu ya gazeti. Mama Rangi alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasafisha brashi ambayo tayari ilikuwa safi. Koplo alibaki mlangoni. Koleo akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

"Nataka unifundishe kitu," alisema. "Mbao kama ile, mtu anaifanyaje isizeeke?"

Mama Rangi aliinua macho. Labda alielewa papo hapo; Koleo hakuwahi kuwa na hakika juu ya hilo, hata baadaye. Lakini swali lilikuwa la kazi yake, na hakuna aliyewahi kumketia mbele na kumwuliza.

"Kuzeeka itazeeka," alisema. "Mti wowote wenye rangi kali unazeeka, hata ufanyeje. Unachoweza ni kuuchelewesha. Kwanza jua. Kazi yangu mimi hailali wazi, ninaifunika. Kisha unapiga msasa, laini, halafu laini zaidi, mpaka ile ngozi ya juu iliyochakaa itoke yote. Hapo inarudi kama siku ilipopasuliwa."

"Na vumbi?"

"Unalipuliza. Hufuti. Ukifuta unalisukuma kwenye vinyweleo vya ile nyeupe, na likiingia ndiyo basi. Unapuliza, unapitisha brashi kavu, unapuliza tena. Halafu unachukua brashi ndogo kabisa, unaziba weupe kwanza, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa sila nyepesi, ile dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao. Ikikauka ndipo unapaka yote." Mikono yake ilikuwa ikienda hewani, inapaka kitu kisichokuwepo. "Mafuta siweki. Mafuta yanapendeza siku ya kwanza, kisha yanaitia giza. Naweka vanishi ya maji, ile ya kuzuia jua, nyembamba nyembamba. Watu wana haraka, wanaweka nzito mara moja. Inakuwa kama sharubati."

"Kazi ya muda mrefu."

"Ya usiku kucha, kwa meza kubwa."

"Usiku ule ulianzia upande gani?"

Mikono ilisimama hewani.

"Upande wa dirisha," Mama Rangi alisema. "Upande wa mlango hapakupitika. Alikuwa amelala yeye."

Koplo pale mlangoni alishusha macho. Mama Rangi aliilaza brashi juu ya gazeti, akaipanga na nyingine.

"Mume wangu alikuta zile alama," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nazikata, tangu mwanangu alipoanza kazi. Kijana ana mikono ya dhahabu, dada, muulize yeyote. Nikaona kwa nini nimnyime kazi kwa sababu ya macho? Siku ile baba yake akamtuma mbao wakati ameshazigeuza mwenyewe ili kumpima, alama zimefichika. Akaleta isiyo yenyewe. Basi, mzee akajua tumemficha miaka yote. Hakunigeukia mimi. Alimkamata mwanangu mkono, akawasha msumeno, akamvuta. Akasema, kipofu hatashika mbao yangu tena, nitamwachisha leo. Kidole kilishagusa. Nilisikia mlio wa msumeno ukibadilika." Akaisogeza brashi kidogo. "Klampu ilikuwa karibu."

"Mara moja?"

"Mara moja. Akaangukia meza, halafu sakafuni. Nikazima msumeno. Nikamfunga mwanangu kidole, nikamwambia aende kwa shangazi yake na akae huko, hajaona kitu."

"Kwa nini hukuja kwetu?"

"Nani angeniamini? Mzee Randa, mtu wa kupeana mikono na wakubwa wenu!"

Koleo alilijua hilo. "Damu juu ya meza ilikuwa nyingi?"

"Kidogo. Ya kufunikwa na kiganja."

"Ungeifuta na maji baridi ukaiacha meza na ukahawia wake, nisingekuwa hapa."

"Ilishaingia kwenye mbao. Ilibidi msasa. Nikasugua pale tu, pakawaka kama jicho. Ningeachaje kiraka kama kile? Nikasema nizungushe kidogo. Kisha kidogo tena." Alitazama viganja vyake. "Nilikuwa nalia, dada, usidhani sikulia. Nilikaa naye mle ndani usiku kucha, nalia na kusugua. Lakini ule wekundu ulipotoka wote, na mistari ile ikasimama myeupe, nilifurahi. Kidogo tu. Mungu anisamehe, mume wangu amelala pale chini na mimi nimefurahi. Alfajiri ndipo nikaleta toroli, nikampeleka stoo, kisha nikaosha sakafu."

Hilo ndilo lililomchoma Koleo. Amekamata wauaji waliokata watu vipande, kisha wakaenda kula chakula chao, wakalala, na hakupoteza usingizi kwa ajili yao. Huyu alimwonea huruma, na huruma hiyo haikuwa na kazi yoyote ya kufanya.

"Sikiliza," alisema. "Nitakwambia kama mwanamke mwenzako, halafu nitarudi kuwa polisi. Lile pigo moja, jaji angelielewa. Mama anaona mwanawe anatiwa kwenye msumeno. Jaji naye ana watoto. Lakini mwendesha mashtaka hatazungumzia pigo. Atazungumzia meza. Ataileta mahakamani, watu wainuke waione. Atasema mwanamke huyu alipiga msasa usiku kucha maiti ya mumewe ikiwa miguuni pake, akaziba mistari kwa brashi ndogo, mmoja mmoja, mkono haukutetemeka hata mara moja. Na mimi nitaulizwa kama ni kweli. Nitasema ni kweli."

Mama Rangi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mteja aliyetajiwa bei aliyokuwa akiitarajia.

"Nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, kesho mwanao anakiri mbele ya hakimu."

"Na mkijua kwamba si yeye?"

"Bosi wangu ana sahihi ya kijana mkononi. Mimi nina vipande viwili vya mbao kwenye plastiki."

Mama Rangi alisimama, akafunika makopo yaliyokuwa wazi, akanawa mikono, akaikausha kwa kanga yake. "Alisema nini kuhusu macho yake?"

"Alisema tangu azaliwe."

"Alikwambia mwenyewe?" Uso ukamkunjamana, na hapo ndipo machozi yakamtoka. "Miaka yote hii nimemficha. Hata dada zangu hawajui."

*

Mama na mwana walikutana kwenye ukumbi wa kituo, mbele ya kaunta. Bosi alikuwa amefoka, akapiga simu, akafoka tena, mwishowe akatia sahihi, maana maelezo mapya ya mama yalikuwa na kila kitu ambacho ya kwanza hayakuwa nacho. Kijana alikuwa akirudishiwa vitu vyake. Alikuwa bado hajavaa mkanda. Aligeuka akamwona mama yake katikati ya askari wawili, na pingu mikononi, akaelewa.

"Mama! Mbona umesema? Nilishamaliza kila kitu, mbona umesema?"

"Shii. Usipige kelele mbele za watu." Mama Rangi alitaka kumsogelea, askari wakamzuia, Koleo akawafanyia ishara wamwache. Alimweka sawa kola kwa mikono yake iliyofungwa. "Kesho unamzika baba yako. Nisikilize vizuri. Shati lako jeusi lipo kabatini, rafu ya juu. Kuna mawili yanafanana. Moja ni jekundu lililokolea, wewe utaliona jeusi. Usije ukalivaa hilo mazikoni, watu watasema."

"Nitajuaje?"

"Utauliza mtu. Sasa hivi si siri tena."

Kijana alikuwa analia wazi, kama mtoto, na kile kidole kilichofungwa amekikumbatia kwa mkono wa pili.

"Nitamwuliza nani, Mama? Nyumbani kuna nani?"

Mama Rangi alifungua mdomo, kisha akageuka kumtazama Koleo, kana kwamba inspekta angekuwa na jibu. Askari wakamshika mama mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakampeleka ndani.